Usiuze meza yako kununua joko

Matokeo yalitoka mapema Julai. Nimefaulu CAP ya ufinyanzi wa gurudumu, cheti cha serikali ya Ufaransa ambacho mtu mzima anaruhusiwa kukifanyia mtihani hata kama hakupitia shuleni. Mara ya kwanza nilifeli. Safari hii nilisimama kituo cha tramu hapa Strasbourg nikasoma jina langu kwenye simu mara nne, machozi yakinitoka mbele za watu.

Wiki hiyohiyo msomaji mmoja wa Mbeya akaniandikia: "Dada, nimepata mteja wa shamba aliloniachia mama. Nataka ninunue joko la umeme la kuchomea vyombo nianze kama wewe. Ninunue lipi?" Mdogo wangu, nakujibu hapa mbele ya wote, maana najua hauko peke yako.

Kila anayeshika udongo Ufaransa husimuliwa habari za mfinyanzi Bernard Palissy. Alizaliwa karibu mwaka 1510, akaishi Saintes, upande wa magharibi. Siku moja alionyeshwa kikombe chenye glezi nyeupe, yaani ule uji unaopakwa juu ya chombo ukageuka kioo motoni, na tangu hapo akawa hana usingizi. Aliitafuta siri yake miaka na miaka. Kuni zilipomwishia joko likiwaka, alitia motoni meza zake na mbao za sakafu ya nyumba. Aliyaeleza mwenyewe kwa maandishi mwaka 1580. Nilipokisikia kisa hicho niliona kimetungwa kwa ajili yangu. Bibi yangu mzaa mama ni Mkisi wa Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Vyungu vyake alivifinyanga bila gurudumu na kuvichoma nje kwa kuni. Nikajiambia damu ninayo, kilichobaki ni kujitoa.

Basi nikajitoa. Niliuza cherehani na meza ya kulia, nikaongeza zamu yangu ya upatu, nikanunua joko la umeme lililokwishatumika kwa euro 1,400. Kwenye gurudumu sikuwa nimefikisha hata miezi mitatu. Nikapanga vikombe na mabakuli, nikawasha. Ukivipapasa vilikuwa vikavu, lakini ndani ya matako yake mazito unyevu ulikuwepo bado. Nikasikia mlio mmoja, kisha mwingine, kisha mfululizo. Maji yakipita nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua chombo. Vipande vikaruka vikaharibu nyaya za joto. Kwa miezi saba nilikula sakafuni, na joko bovu lilisimama pale ilipokuwa meza.

Nikaenda kuomba nafasi katika karakana moja. Mwenyewe akageuzageuza vikombe vyangu, akasema mikono yangu ni ya kuosha vyombo, si ya kuvifinyanga. Mbele ya wanafunzi wake. Sitadanganya kwamba nimemsamehe. Pale kituoni, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemkumbuka.

Kilichoniokoa ni basi la kwenda Soufflenheim, kaskazini ya Strasbourg, kando ya msitu wa Haguenau, ambako wafinyanzi wamechimba udongo wao kwa karne nyingi. Hicho ni kijiji cha vyombo vya jikoni: makalibu ya keki ya kougelhopf yenye mikunjo, na vyungu vya duara dufu vya kupikia baeckeoffe, nyama za aina tatu na viazi ndani ya mvinyo mweupe, mfuniko ukizibwa kwa donge la unga na chungu kikaachwa jikoni saa nyingi. Mzee mmoja alikuwa kwenye gurudumu. Alipima donge kwenye mizani, akalivuta, akalikata kwa uzi, akalipanga ubaoni. Kisha lingine. Kisha lingine. Nilihesabu mpaka 31 nikaacha, na sikuweza kutofautisha la kwanza na la mwisho. Wala hakuwa na haraka.

Betschdorf si mbali na hapo, lakini kazi yao ni tofauti kabisa: mitungi ya kijivu yenye michoro ya buluu ya kobalti. Joko likifika karibu nyuzi 1,250 wanatupia chumvi ndani. Mvuke wake hushikana na silika (madini ya mchanga) iliyomo kwenye udongo na kuuvika ngozi ya kioo yenye vinundu kama ganda la chungwa. Mtungi huo haunyonyi siki wala maji ya kabichi chachu. Nilishika mmoja muda mrefu sana, mpaka muuzaji akaniletea kiti.

Niliporudi nyumbani nilisoma tena habari za Palissy, na safari hii sikuziona samani. Niliviona vigae. Alivunja vyungu, akapaka kila kigae mchanganyiko wake, akaweka alama na kuandika kilichomo. Joko la wafinyanzi lilipokosa moto wa kutosha, alipeleka vigae kwa mamia kwenye tanuri la mafundi wa kioo, na huko ndiko kimoja kilipoyeyuka kikatoka cheupe. Hiyo meza aliyoichoma inasimuliwa kwa sababu inasisimua. Tumedanganyana, ndugu zangu, kwamba fundi ni yule aliyepoteza vingi zaidi.

Miaka miwili iliyofuata sina la kuisimulia. Nilisafisha ofisi usiku, mchana nikafinyanga bakuli lilelile.

Kwa hiyo fanya hivi. Pima udongo wako, gramu 500 kila donge, usikisie. Finyanga kumi, kisha yote kumi uyakate katikati kwa uzi na utazame ukuta wake: wapi mnene, wapi mwembamba. Inauma, najua. Mtihani wa kwanza ulinishinda hapo: walitaka vyombo vinavyofanana, vyangu vilipishana kwa upana wa kidole, kwa sababu nilikuwa nimevihifadhi vyote kwa mapenzi bila kukata hata kimoja. Halafu weka vigae vya majaribio. Kwenye kipande cha udongo mbichi chora mstari wa sentimita 10, kichome, upime tena. Ukikuta 9, udongo wako unasinyaa kwa asilimia 10, na bakuli la sentimita 18 lazima ulifinyange 20. Andika. Kata. Andika tena. Acheni kutafuta joko kabla ya kuijua mikono yenu! Moto wa kukodi upo, nafasi kwenye joko la mwenzio ipo.

Shamba la mama usiliuze, mdogo wangu. Vuka uende Kyela, kaa na wale akina mama wa Kikisi hata wiki tatu, kisha nitumie picha. Sitaki bakuli zima. Nitumie lililokatwa.