Re: Metai ya Donelaitis inageuka usomaji, si mchezo wa redio

Salaam ndugu. Unataka kuigeuza Metai, shairi refu la Kilithuania la Donelaitis kuhusu misimu minne ya maisha ya wakulima, iwe mchezo wa redio. Umekwama hapa: mchezo ni dakika 30, msimulizi anakula 20, wahusika hawasikiki.

Kwanza kagua haki za tafsiri unayotumia. Donelaitis alifariki 1780, kwa hiyo Kilithuania chake ni huru; tafsiri ya juzi ina mwenyewe.

Kisha acha kubeba misimu yote minne. Chukua Kiangazi tu, kipande cha mkulima Plaučiūnas: amelewa kwenye karamu ya Kasparas, amepoteza kinoo na mundu wake mpya wa mpini mrefu. Hapo una kosa, kitu kilichopotea na mtu wa kulaumiwa. Tamthilia tayari! Pričkus, msimamizi wa wakulima, mpe maneno ambayo sasa yako kwa msimulizi. Popote shairi linaposema "fulani alilalamika", futa, fulani alalamike mwenyewe.

Vina na mizani ya kwetu usivilazimishe. Metai haina vina; ina mapigo sita kwa mstari. Mapigo hayo mwachie msimulizi, mistari minne mitano kila mara, wengine waongee nathari. Hati isizidi maneno 3,300, la sivyo waigizaji watakimbia na utani wote utapotea.

Sauti ya kinoo rekodi kwa panga halisi, maikrofoni sentimita 30, iinamishwe kidogo. Ukiielekeza moja kwa moja mlio wa chuma unakwaruza masikio. Iweke mwanzoni, halafu ikosekane baada ya karamu. Msikilizaji ataelewa kabla hajaambiwa.