Shangazi, kaka karudi Somalia na mtaa haumtaki

SWALI: Shangazi salaam. Kaka yangu mkubwa alikua Somalia na jeshi, sasa karudi, usiku halali, boda ikipasua ekzosi anajirusha chini. Juzi pale kwa muuza chai jirani akamwambia mbele za watu "afande, nani aliwatuma kule, si mlifata dola zenu". Tangu hapo hatoki nje. Kusema ukweli hata mimi ile vita sijawahi kuielewa. Nasikia na Wamarekani wa Vietnam walifanyiwa hivi, wao waliponaje? – Dada mtu, Bombo, Uganda

JIBU: Pole sana mama. Huyo jirani hasira zake ni za waliotuma, sema hao hawafikii, kaka yako ndo yuko karibu basi anamalizia kwake. Jeshi letu liliingia Mogadishu Machi 2007, Julai 2010 al-Shabaab, wale tunaopigana nao kule, wakapiga mabomu Kampala watu wakiangalia fainali ya kombe la dunia, hapo wengi wakaanza kuuliza tunatafuta nini kule, halafu 2023 kambi yetu ya Buulo Mareer huko Somalia ikavamiwa na Rais Museveni mwenyewe akatangaza askari 54 wamekufa. Dola gani hizo jamani!

Vietnam wengi waliandikishwa kwa lazima, wenye nafasi chuoni wakaahirishiwa, na kilichowaumiza sana ni vile walivyorudi, mmoja mmoja, mwaka wako ukiisha unapandishwa ndege, juzi ulikua porini na bunduki leo uko jikoni kwa mama yako na hakuna wa kuongea naye, wakati wale wa vita kuu ya pili wengi walirudi na meli, siku nyingi baharini na wenzao wanapiga stori mpaka roho inatulia kidogo. Habari za kutemewa mate uwanja wa ndege watu wanabishania mpaka leo, ila wengi wanachokumbuka ni kwamba hakuna aliyewauliza kitu. Ugonjwa wao, huo wa kiwewe cha vita kama wa kaka yako, madaktari walikuja kuuandika rasmi 1980, Saigon imeshaanguka na vita kuisha miaka 5. Hata ule ukuta wa kumbukumbu wa Washington wa 1982 wenye majina zaidi ya 58,000 ya waliokufa au kupotea, maveterani ndo walianza kuuchangishia, serikali ikatoa kiwanja.

Sio wote walipona. Waliopata nafuu wengi walisaidiana wenyewe, 1970 kule New York walianza kukaa vikundi wanaongea yale ambayo mke wala mama hawezi kusikia. Kwa hiyo mtafutie wenzake waliokua nae Somalia, Bombo hapo hawakosekani. Usimuulize aliua wangapi, na watoto uwakataze. Wewe nawe usijilazimishe kuisifu vita, mwambie siielewi ila wewe ni kaka yangu, utashangaa na yeye ana maswali hayo hayo. Kuhusu usingizi, hospitali ya akili ya Butabika wapo madaktari wa mambo haya, sema usimburute, afadhali aende na mwenzake aliyewahi kutibiwa.