Kutoka Blogu Hadi Sekunde Arobaini: Kwa Wanaoanza

Kosa la kwanza la mtu anayetoka kwenye blogu kwenda kwenye video fupi ni kufupisha. Ana makala ya maneno 1,200 kuhusu omena (dagaa wa ziwani) wa Dunga, anaikamua mpaka yabaki maneno 100, kisha anaisomea kamera. Kinachotoka ni machicha: kila jambo limeguswa, hakuna lililoonekana. Usikamue, kata. Toa kipande kimoja, mengine yaache yalipo.

Kwenye blogu makala hiyo huanza, "Dunga ni ufuo ulio kando ya Ziwa Victoria, nje kidogo ya Kisumu." Msomaji wa blogu huvumilia sentensi hiyo kwa sababu ndiye aliyekuja kukutafuta. Aliye kwenye matatu ya Kondele, kidole kikipandisha video moja baada ya nyingine, hakukutafuta. Mwonyeshe viganja viwili, kila kimoja na omena wake, useme: "Hawa wa kushoto ni wa watu. Hawa wa kulia ni wa kuku. Mvua ya asubuhi moja tu ndiyo imewatenganisha." Hapo atataka kujua kwa nini, nawe umweleze: huvuliwa usiku kwa taa, asubuhi huanikwa juani juu ya nyavu, na wakinyeshewa kabla hawajakauka hubadilika rangi, hunuka, bei huanguka. Malizia hapo hapo. Ngege na mbuta, samaki wengine wa ziwa hilo, pamoja na magugu maji, ni video nyingine tatu.

Andika maneno yako kabla ya kurekodi, uyasome kwa sauti ukiwa na saa. Kiswahili kikisemwa bila kukimbizwa, sekunde 40 hubeba maneno 75 hadi 85. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo vipimo vya mafunzo ya Kiingereza vitakupotosha. Hata kwenye X (zamani Twitter), zile herufi 280 za akaunti isiyolipiwa hutosha maneno 40 hivi. YouTube imeruhusu Shorts, yaani video zake fupi, za hadi dakika 3 tangu Oktoba 2024, lakini ruhusa si lazima. Anayeanza atulie kwenye sekunde 30 hadi 45.

Simu isimame wima, pikseli 1080 kwa 1920. Sehemu ya chini ya skrini hufunikwa na jina lako na maelezo, upande wa kulia na vitufe, kwa hiyo bei uliyoiandika chini kabisa hakuna atakayeiona. Weka maandishi katikati au juu kidogo. Piga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi. Jua la adhuhuri hutia kivuli machoni, na anayezungumza huonekana kama hana macho.

Sauti ndiyo inayoangusha wengi ziwani. Upepo ukiingia kwenye maikrofoni, ni vigumu programu kuutoa vizuri. Upe mgongo, funika maikrofoni kwa kitambaa chepesi, msemaji awe umbali wa mkono mmoja. Vinginevyo piga video bila maneno pale ufuoni, maneno ukayarekodi nyumbani chini ya blanketi. Inachekesha, lakini hakuna studio ya bei rahisi kuliko hiyo.

Weka maandishi ya maneno yanayosemwa, maana wengi hutazama wakiwa wamezima sauti. Simu ikiyaandika yenyewe, yapitie neno kwa neno: majina ya samaki na ya mitaa ndiyo huvurugwa kwanza. Kisha hifadhi nakala safi, isiyo na nembo, kabla ya kuposti. Ukichukua video yenye nembo ya TikTok ukaipeleka Instagram, haitasambazwa sana. Instagram yenyewe ilisema hivyo mwaka 2021.

Ukirekodi mvuvi au mama anayeanika, omba ruhusa kwanza, na irekodi hiyo ruhusa kwa sekunde tano. Kwa mtoto, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Kama hayupo, elekeza kamera kwenye nyavu.

Na ile blogu? Usiifunge. Ni kweli wasomaji wake wa kila siku walipungua, na Google ilipoifunga Reader, huduma yake ya kusomea blogu, Julai 2013 wengi walipoteza njia ya kuzifuata blogu walizozipenda. Lakini anayetafuta namna ya kuanika omena msimu wa mvua bado huandika swali lake Google, na makala humjibu hata baada ya miaka miwili, wakati video fupi mara nyingi imeshazama ndani ya wiki. Tena mitandao hufungwa: Google+ iliondoka Aprili 2019 na posti za watu zikafutwa. Kila video iwe na folda yake kwenye kompyuta au diski: video mbichi ambayo haijahaririwa, nakala safi, maneno yaliyosemwa, na tarehe mwanzoni mwa jina, kwa mfano 2025-03-14-omena-mvua.