Muulize Mzee wa Kibanda: Nani Kampa Horta Nne?

Toleo lililopita niliwaomba wasomaji mnaotazama Star Trek ya zamani, ile ya Kapteni Kirk na Spock iliyorushwa Marekani na NBC kuanzia 1966 hadi 1969, mniletee alama zenu, kila episodi kwa kumi. Nilitegemea alama, nimeletewa kesi. Nyingine ningezipeleka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ila naye angeanza kuniuliza Horta ni ukoo wa nani.

Jambo Mzee. Tuko watano kwenye gereji ya bodaboda hapa Walukuba, Jinja. Jumamosi tukishafunga kazi tunatazama episodi moja kwenye laptop ya bosi, kila mtu anatoa alama, mimi naandika nyuma ya daftari la madeni. Juzi ilikuwa "The Devil in the Dark", ile ya mnyama Horta. Nilitoa 10. Fundi mkubwa akatoa 4, akasema hawezi kuogopa zulia lenye mtu ndani. Wengine 7, 7 na 6. Wastani 6.8. Lakini "Arena" ilishapata 7.4! Fundi mkubwa anasema hesabu haina ubishi. Tuamulie. (Mwandishi wa daftari, Walukuba)

Mwanangu, hesabu yenu haina kosa. Uamuzi wenu ndio mbovu.

Kwa ambao hawajaiona: kwenye sayari ya Janus VI kuna mgodi, na kuna kitu kinapita ndani ya mwamba kama vile mwamba haupo, kinaua wachimbaji. Wameshakufa zaidi ya hamsini. Kirk anaitwa aje akiue. Mezani kwa mkuu wa mgodi kuna tufe moja, limewekwa pambo. Mengine kama hilo yako chini huko maelfu, na wachimbaji wameyavunja wakipanua njia zao. Spock ndiye anayelitupia jicho lile tufe mapema, mkiwa bado mnangoja mnyama atokee. Ni mayai. Horta ni mama, mwili wake ni wa silikoni, na anaua kwa sababu anauliwa wanawe.

Baba yangu alichimba shaba Kilembe, na mimi nimekulia kwenye nyumba za kampuni, Rwenzori ikiwa juu ya vichwa vyetu. Watu wa shimo nawajua. Mwenzao akipatwa na jambo kule chini, wanaokusanyika getini hawataki maelezo ya mhandisi, wanataka kitu cha kupiga. Kwa hiyo mnapomwangalia mnyama, mimi nawaangalia wale wanaume wanaoingia na marungu Spock, anayeweza kuingia akilini mwa kiumbe kwa kukigusa, akiwa bado ameweka mikono juu ya jeraha. Halafu sikilizeni wanavyotulia. Hakuna anayelia kwamba ametenda dhambi. Wanaambiwa kwamba watoto wa Horta watawachimbia mahandaki bure na madini yatatoka kwa wingi, basi wanakubali. Mwandishi angeweza kuwafanya wachimbaji wawe malaika kwa dakika mbili za mwisho, akawaacha wawe wachimbaji.

Kuhusu zulia, fundi mkubwa asidharau kazi ya fundi mwenzake. Aliyekuwa ndani ni Janos Prohaska, mtu wa Hungary, na vazi lile alilitengeneza mwenyewe, akatambaa nalo kwa magoti. Inasimuliwa kwamba vazi ndilo lililotangulia: alilionyesha kwa watayarishaji, hadithi ikaandikwa kulizunguka. Tena ilikuwa katikati ya kuipiga episodi hii ndipo William Shatner alipopata habari ya kifo cha baba yake. Akaenda kuzika, akarudi kumaliza kazi.

Sasa jambo ambalo hamkuliangalia hapo Walukuba, na ndilo ninalowaomba nyote mliangalie kabla hamjatoa alama yoyote: jina la mwandishi. "Arena" ilirushwa tarehe 19 Januari 1967 na "The Devil in the Dark" tarehe 9 Machi mwaka huohuo, na zote zimetoka kwa Gene L. Coon. Ni kesi ileile. Binadamu wamejenga mahali ambapo hawakuuliza mwenyewe ni nani, mwenyewe anakuja kwa hasira, binadamu wanamwita jini. Katika "Arena" ni Gorn, lile jitu la ngozi ya mjusi, na Kirk anashindanishwa naye kwenye majabali. Anachanganya baruti kwa salfa na mkaa, anapakia almasi kwenye mwanzi, anafyatua. Hiyo ni episodi ya mafundi! Ndiyo maana gereji nzima imeipendelea, siwalaumu. Ila mle ndani somo linaletwa mwishoni na kijana anayeng'aa, anasimama kama mgeni rasmi wa mahafali na kumsifu Kirk kwa huruma yake. Kwa Horta hakuna mgeni rasmi. Spock anagusa, anapiga kelele za uchungu usio wake, yametosha.

Amri yangu: futeni wastani. Andikeni alama ya juu na ya chini, jina la aliyeitoa, na sababu yake mstari mmoja. Episodi inayopata 10 na 4 chumba kimoja iko hai. Ile ambayo wote watano mmeipa 7, Jumamosi ijayo hamtakumbuka ilihusu nini. Na fundi mkubwa arudie robo saa ya mwisho, simu ikiwa mfukoni. Akisema bado ni 4, iandikwe 4, asisumbuliwe tena.

Mimi "Arena" naipa 7. Horta 9. Ile moja nimeikata kwa sababu hakuna mwanamke hata mmoja anayesema neno, isipokuwa mama wa mawe mwenyewe, naye kwa mdomo wa Spock.

Mzee, nyumbani kwetu Kawempe jajja, mzaa mzazi wetu, hajui Kiingereza, kwa hiyo kaka yangu anakaa pembeni na kutafsiri kama VJ, wale wanaotafsiri filamu kwa sauti ikiendelea. "The Trouble with Tribbles" jajja ameipa 10, sisi 7. Tuandike ipi? (Binti wa Kawempe)

Kumi hiyo ni ya kaka yako. Zamani kibandani kwangu cha kuonyeshea video watu walikuwa wanauliza VJ ni nani kabla hawajauliza filamu ni ipi, na akiwa mzuri wanalipa hata kama ni mkanda uliochakaa. David Gerrold aliandika vinyama vya manyoya vinavyozaana mpaka vinamwangukia Kirk kichwani pamoja na nafaka iliyotiwa sumu. Wewe unaniambia kwenye barua yako kwamba kwa kaka yako Mklingoni, mmoja wa maadui zao, anamtukana Scotty, mhandisi wa meli, kuhusu mahari ambayo hajamaliza. Haimo, lakini ningelipa kuisikia. Andikeni mistari miwili, "Tribbles" na "Tribbles ya kaka". Msizichanganye.

Mzee, habari za kazi. Mume wangu ni mtu mzima. Tulitazama "The Conscience of the King" na watoto. Ilipoisha akasimama, akazima, akakataa kutoa alama. Watoto wanasema asiyetoa alama ametoa sifuri. (Mama watoto, Masaka)

Si sifuri, mama. Waambie nimekataa.

Hii ilirushwa tarehe 8 Desemba 1966, na kwenye orodha nyingi za mashabiki inakaa katikati, hakuna anayeigombania. Hakuna mnyama wala vita vya angani. Kuna gavana, Kodos. Miaka ishirini nyuma, kuvu iliharibu chakula cha koloni lake la watu 8,000. Akashika madaraka yote, akachagua mwenyewe nani aishi, akaua 4,000 ili waliobaki washibe. Meli za chakula zikafika mapema kuliko alivyotarajia. Baadaye ikapatikana maiti iliyoungua, watu wakasema ndiye, faili likafungwa. Sasa kuna mwigizaji mzee anayezunguka kwenye sayari na kundi lake akicheza Shakespeare, na mmoja baada ya mwingine wanakufa wale wachache waliowahi kuuona uso wa Kodos. Kirk ni mmoja wao.

Kuna mahali kijana Riley, ambaye wazazi wake waliuawa kule, yuko zamu peke yake chini kwenye mitambo. Ni mpweke, anaomba asikie sauti za watu. Uhura, afisa wa mawasiliano, anamwimbia kwa kipaza sauti kutoka juu. Anasikiliza, anakula chakula chake, anakunywa maziwa, na sisi tumeshaona kitu kikipulizwa ndani ya maziwa yale. Wimbo unaendelea. Episodi nzima ina risasi chache kuliko habari za saa mbili usiku, ila glasi ile ya maziwa naikumbuka kuliko mizinga yote ya Enterprise, meli ya Kirk.

Mume wako kama ni mtu mzima, basi miaka ya sabini alikuwa hapahapa Uganda. Sitamhoji kwa barua, na watoto nao wasimhoji kwa sababu ya daftari. Acheni nafasi yake wazi, mchore kistari. Mimi nimeipa 8. Mbili nimekata kwa ajili ya binti wa yule mwigizaji, anayerukwa na akili mwishoni kwa haraka kana kwamba karatasi ya mwandishi ilikuwa inaisha.

Je, ni kweli "Spock's Brain" ndiyo mbaya kuliko zote? Hosteli yetu yote imeipa 1 na wawili kati yetu hawajaitazama. (Mwanafunzi, Arua)

Hao wawili wafutiwe, hilo kwanza.

Ni mbaya. Mwanamke anaingia kwenye Enterprise, anabofya kitu mkononi, wote wanazimia, anaondoka na ubongo wa Spock. Daktari McCoy anautembeza mwili wa Spock kwa rimoti. Mwishoni Spock mwenyewe, fuvu likiwa wazi, anamwelekeza daktari namna ya kumaliza upasuaji. Ndivyo walivyofungua msimu wa tatu, tarehe 20 Septemba 1968, Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana waliokipenda kipindi hiki walikuwa wametoka kwenda kustarehe. Fedha zilikuwa zimepunguzwa na Gene Roddenberry, aliyekianzisha, alikuwa amejiweka mbali.

Sasa shikeni viti: jina kwenye hadithi ni Lee Cronin, na Lee Cronin ni Gene L. Coon. Huyuhuyu wa Horta. Alikuwa ameondoka kazini pale na ana mkataba kwingine, akawa anauza hadithi kwa jina la kificho. Sijui kama alikuwa anatania, nami situngi sababu, ila nikiitazama nikijua ni yeye nacheka pale ninapopaswa kukasirika. Naipa 4. Sifuri yangu naiweka kwa "And the Children Shall Lead", ya msimu uleule, watoto na jini lao la kijani. Ile huwezi hata kuicheka.

Msiutupe msimu wote. Wiki moja tu baada ya ubongo, tarehe 27 Septemba, ilikuja "The Enterprise Incident" ya D. C. Fontana, Kirk na Spock wakiiba kifaa kwenye meli ya Waromulan, maadui wengine. Itazameni kabla hamjaandika 1 nyingine ya kusikia.

Mzee, "The Man Trap" na "The Changeling" zina Kiswahili. Sisi wa Afrika Mashariki tusiziongezee alama mbili mbili? (Busia)

Moja, tena kwa Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, si kwa Kiswahili. Katika "The Man Trap" yule kiumbe mla chumvi anajigeuza kijana mtanashati na kumsemesha Uhura kwa lugha yetu, na Nichols anafanya uso wa mtu aliyesikia nyumbani ghafla. Sekunde chache tu, zinalipa.

"The Changeling" nakata badala ya kuongeza. Mashine inamfutia Uhura kila anachojua, anafundishwa kusoma upya kitandani kama mtoto wa chekechea, Kiswahili kinamtoka, halafu kabla episodi haijaisha tunaambiwa ameshafika kiwango cha chuo. Wiki inayofuata yuko kazini. Walimu wa nchi hii wangependa kuiona hiyo shule.

Jambo afande. Mimi ni mtoto wa kambi, Kiswahili nimekipata barracks, na kambini mambo yanakwenda kwa mpangilio. Tufuate mpangilio gani, wa kurushwa au wa kutengenezwa? (Bombo)

Wa kurushwa, ila uanze na "Where No Man Has Gone Before". Ilirushwa ya tatu, 22 Septemba 1966, lakini ilitengenezwa kabla ya wenzake: sare ni tofauti, daktari si McCoy, Uhura hayupo. Ukikutana nayo katikati utadhani umebadilishiwa flash. Kabla yake kulikuwa na "The Cage", ya Kapteni Pike, ambayo NBC waliikataa wakaagiza nyingine. Hiyo usiitazame mpaka umemaliza "The Menagerie" sehemu zote mbili, kwa sababu vipande vyake vingi vimo humo. "The Menagerie" ipe alama moja kwa pamoja. Episodi zilizorushwa ni 79, basi daftari lako litakuwa na mistari 78, na "The Cage" uiweke pembezoni.

Ya mwisho utakuta ni "Turnabout Intruder", ya tarehe 3 Juni 1969. Niandikie uliipa ngapi. Mimi nina 3 yangu hapa na nataka kujua kama niko peke yangu.