Gramu 30 za protini hazitoshi dada

Pole dada. Umesema una miezi mitatu tangu ufanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili upungue uzito, unafikisha gramu 30 tu za protini na nywele zinanyonyoka. Nimepita hapo hapo, hiyo ni ndogo mno, wengi tunaambiwa 60 mpaka 80 kwa siku. Mimi kilichonisaidia ni kuanza na protini kwenye sahani kabla ya kitu kingine, yai moja lina kama gramu 6, au samaki, natafuna mpaka iwe uji kabisa, maji nasubiri nusu saa ndo nakunywa maana ukichanganya tumbo linajaa bure. Unga wa protini nao unasaidia sana. Ila kama unatapika kila siku au miguu inavimba usingoje kliniki ijayo, muone daktari leo, na kama figo zina shida usiongeze chochote kabla hajakwambia.