Chakula hatutupi, lakini maganda…

Ndugu wahariri, wiki hii mmeuliza chakula gani kinatupwa nyumbani kwetu na kifanyiwe nini. Nilicheka kwa hasira. Goma hii? Bugali iliyolala ndiyo inayonywewa chai asubuhi, sombe, majani ya muhogo, ya jana ndiyo tamu, na ukoko watoto wanaugombania. Ulizeni kuhusu maganda.

Mama mkwe alipotoka Masisi kuja kukaa nasi mtaani Birere, alikuta parseli, kiwanja chetu, ni jiwe tupu, lile la volkano ya 2002. Akauliza, "Sasa nyinyi mnapanda wapi?" Kesho yake alianza kuzunguka kwa majirani na beseni, anaomba maganda ya ndizi na ya viazi. Aliyapanga nyuma ya choo yaive yawe udongo wa kupandia: maganda, majani makavu, majivu kidogo ya mbabula, jiko letu la makaa, tena maganda, juu gunia. Kila Jumamosi anageuza kwa jembe. Siku moja alinishika mkono akauzamisha katikati ya lundo. Nikaurudisha haraka, moto kama bugali inayoepuliwa. "Umesikia, Mama Neema? Linajipika."

Mwezi wa pili ikanyesha siku tatu mfululizo. Gunia likateleza, lundo likalowa. Likilowa hivyo hewa haipiti, linaoza badala ya kuiva, na linatoa methani, gesi ileile iliyoyeyuka kwenye maji ya kina ya ziwa letu, Kivu. Harufu! Inzi mpaka kwenye sahani. Mwenye nyumba akasema liondoke au tuondoke sisi. Kumbe lilihitaji majani makavu na kugeuzwa tu, lakini mimi nilimwita kijana wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alibebe lundo mama mkwe akiwa kanisani. Lilipopelekwa sikuuliza. Mama alirudi, akayatazama mawe, akachukua ufagio akafagia pale pasipo na kitu. Jioni hakula.

Nilianza kuandika niwaambie msituonee, sisi hatutupi. Kumbe nimetupa udongo, katika mji ambao udongo watu wanaununua kwa gunia. Hata hivyo sisemi kila nyumba iwe na lundo. Birere kuta zinagusana. Labda moja kwa avenyu, lenye paa, na mtu anayelipwa kuligeuza. Na masoko yaanze, Virunga na Alanine, maana huko majani ya kabichi yanakanyagwa kila jioni. Semina zimetosha.

Mama sasa ana lundo jingine, kwa jirani. Maganda yetu nampelekea mwenyewe asubuhi. Beseni analipokea mlangoni, anashukuru, anafunga.