Misuli ambayo mama watoto aliijua kabla yangu

Swali la wiki hii limeuliza kama mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga yana manufaa yoyote kwa mwanamume, au ni ya wanawake waliojifungua peke yao. Jibu langu ni kwamba yana manufaa, na ninalitoa nikiwa mwanamume wa miaka 61, mkazi wa Tanga, ambaye ameyafanya kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hata hivyo yana masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayoachwa nje pale habari hizi zinaposimuliwa barazani.

Kilichonipeleka kwa daktari hakikuwa mambo ya chumbani. Yalikuwa ni matone ya mkojo yaliyonitoka baada ya kumaliza haja ndogo, nikiwa nimekwisha kutawadha na kuvaa kanzu, hata ikawa kila sala naiingia na wasiwasi kama nguo yangu ni twahara. Uume nao ulikuwa umeanza kusimama kwa kusuasua tangu mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nimelificha jambo hilo na kununua unga wa mizizi kwa muuzaji wa mtaani mara mbili. Daktari alinipima sukari kwanza, akaikuta juu. Akapima presha, akachunguza tezi dume, kisha akanielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Nilipomsimulia mama watoto niliyofundishwa, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba Mwanaidi, hayo si ndiyo tuliyoelekezwa kliniki nilipojifungua?"

Ni kweli kwamba mazoezi haya yalianza kuenezwa kwa ajili ya wanawake. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, alichapisha maelezo yake mwaka 1948 akiwalenga waliovujwa na mkojo baada ya kuzaa, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Lakini misuli yenyewe haikuumbwa kwa jinsia moja. Imetandazwa kama machela kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, ikibeba kibofu na sehemu ya mwisho ya utumbo, na kwa mwanamume baadhi yake imelizunguka shina la uume. Humo imo inayobana ili damu iliyoingia wakati wa kusimama isirudi haraka, na humo humo imo inayosukuma matone ya mwisho ya mkojo na kuyatoa manii. Ndiyo sababu malalamiko yangu mawili, ambayo niliyaona kuwa hayahusiani, yalitibiwa kwa zoezi moja.

Uchunguzi upo. Nchini Uingereza, Grace Dorey na wenzake walichapisha mwaka 2005 matokeo ya wanaume 55 wenye tatizo la kusimama: baada ya miezi sita, 22 walirejea katika hali ya kawaida, 19 walipata nafuu, na 14 hawakufaidika. Mwaka 2014 madaktari wa Italia walieleza kuhusu wanaume 40 waliokuwa wakimaliza tendo la ndoa mapema tangu ujana wao, ambapo 33 kati yao walipata uwezo wa kujizuia baada ya wiki 12 za mazoezi haya. Watu hao ni wachache, na ninawaomba wasomaji wasizichukue hesabu hizi kama ahadi.

Ugumu wote uko katika kuupata msuli wenyewe. Kwa wiki mbili za mwanzo nilibana makalio, nikakaza tumbo na kuzuia pumzi, nikidhani nafanya kazi kubwa, kumbe misuli iliyokusudiwa ilikuwa imelala. Yule binti alinisahihisha hivi: lala chali, kunja magoti, kisha vuta ndani kama mtu anayezuia hewa isimtoke mbele za watu, na wakati huohuo kama anayeurudisha uume ndani ya mwili. Ukijitazama kwenye kioo, shina la uume huingia kidogo na korodani huinuka, ilhali mapaja na makalio yametulia na pumzi inaendelea. Shikilia sekunde tano, halafu legeza kabisa kwa muda uleule au zaidi, kwa sababu msuli usiolegea hauna nafasi ya kubana tena. Nilirudia mara kumi, asubuhi, mchana na usiku, nikapanda polepole hadi sekunde kumi, kisha nikayafanya nikiwa nimekaa na baadaye nikiwa nimesimama. Kukata mkojo katikati kunaweza kukusaidia kuutambua msuli mara moja, lakini kusifanywe kuwa zoezi la kila siku, maana huvuruga kazi ya kibofu. Tena, mwenye maumivu ya nyonga asianze kabla ya kuonwa na mtaalamu, kwa kuwa wako ambao misuli yao imekaza kupita kiasi na kubana huwaongezea maumivu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni wanaume wanaoyageuza mazoezi haya, au unga wa mizizi, kuwa kisingizio cha kutopimwa. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo kuziba kwake huweza kujitokeza miaka kadhaa kabla ya maradhi ya moyo. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili zimekutwa na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, iliyochanganywa kwa siri, na mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akiimeza anaweza kushuka presha ghafla na kufa. Mimi nilizinywa bila kujua sukari yangu ni ngapi, na nikikumbuka hilo bado naogopa.

Kwangu matone yalikoma wiki ya tano. Kusimama kulichukua zaidi ya miezi mitatu, sambamba na dawa za sukari na matembezi ya jioni, na hakukurudi kama kwa kijana, ila kwangu na kwa mama watoto kunatosha. Hadi leo, baada ya kila haja ndogo, nabana mara moja kwa nguvu na kusubiri kidogo kabla ya kutawadha.